Kijito, Mvua na Dhahabu katika Nchi ya Geita

Mara nyingi inapotajwa habari ya utamaduni wa taifa, mawazo ya wengi wetu hukimbilia ngoma, nyimbo, mavazi na vinyago. Hayo ni kweli yamo katika utamaduni, na Usukuma, nchi ya Bagika na Bagalu, haina upungufu wa ngoma. Lakini yako mambo mengine ambayo hayachezwi uwanjani wala hayawekwi katika makumbusho, nayo huenda ndiyo yaliyoshikilia maisha ya watu kwa muda mrefu zaidi. Mojawapo ni namna jamii ilivyoyatazama maji yake: nani aliyaomba, nani aliyalinda, nani aliruhusiwa kuyachota, na ni kosa gani lililohesabiwa kuwa limeyakatisha. Insha hii yahusu mambo hayo katika nchi iliyo kati ya Nkome, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, na nyanda za Shinyanga. Nchi ambayo leo yajulikana zaidi kwa dhahabu yake kuliko kwa vijito vyake.

Yafaa kwanza msomaji aifahamu ardhi yenyewe. Hapo ndipo yanapoachana maji ya sehemu tatu kubwa za Afrika. Mvua inyeshayo katika bonde la mto Isanga huteremka hata ghuba ya Mwanza, ikaingia ziwani, na kutoka huko hufuata Mto Nile mpaka Misri. Mvua inyeshayo upande wa kusini-magharibi wa Geita hukusanywa na mto Nikonga, ikapita katika mabwawa ya Moyowosi na mto Malagarasi mpaka Ziwa Tanganyika, na mwisho wake ni Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Nayo mvua ya upande wa Shinyanga, ikiingia katika mto Manonga, haifiki bahari yoyote: hupotelea Wembere, Kitangiri na Ziwa Eyasi. Mtu aliyejenga nyumba yake mahali maji yanapogawanyika aweza kumwaga ndoo moja mbele ya mlango na nyingine nyuma ya nyumba, asijue kwamba ameyapeleka maji hayo katika safari mbili zisizokutana tena.

Vijito vya nchi hii aghalabu ni vya msimu. Wakati wa mvua hujaa na kuvunja kingo. Wakati wa kiangazi mgeni huona njia ya mchanga mweupe tu, akadhani kwamba kijito kimekufa. Mwenyeji hafikiri hivyo. Yeye huenda na jembe na kibuyu, akachimba mchangani, akangoja maji yajikusanye polepole, yakiwa yamekwisha kuchujwa na mchanga. Kijito kwake hakikauki, hulala. Wasukuma walizipa aina za udongo majina kwa kufuata mteremko wa ardhi kutoka vilima vya mawe hata bondeni: luseni ya kichanga juu, itogolo ngumu chini yake, na mbuga nyeusi mwisho kabisa. Mtaalamu Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani alipoanza, katika miaka ya 1930, kuwaeleza wasomi wa dunia kwamba udongo wa Afrika ya Mashariki hufuatana kama mnyororo kutoka kilele mpaka bonde, wakulima wa Usukuma walikuwa wakilima kwa kufuata mnyororo huo siku nyingi. Tena majina hayo si ya udongo peke yake. Anayejua itogolo ni nini ajua pia kwamba maji hayazami hapo, bali hutambaa juu yake. Na ndiyo sababu hapo ndipo walipojenga majaluba ya mpunga.

Nchi ya Geita yenyewe zamani ilikuwa sehemu ya Uzinza, chini ya watawala wa ukoo wa Bahinda. Wazinza walikuwa wakulima na wavuvi, na miongoni mwao walikuwamo Barongo, wahunzi mashuhuri walioyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa hata Usukuma na Ukerewe. Jambo hili lastahili kukumbukwa, maana wako wanaodhani kwamba madini ni habari iliyoletwa na wageni. Wasukuma walihamia huko kidogo kidogo, na kwa wingi zaidi katika karne ya 20, wakitafuta malisho na mashamba mapya ya pamba. Leo katika kijiji kama Nkome hukaa Wazinza, Wasukuma, Wakerewe na wengine wengi. Basi tunapozungumzia mila za maji hapa tunazungumzia mila za watu waliochanganyika, ambao kila mmoja alikuja na yake.

Wazinza, kama Wahaya, walimtambua Mugasha kuwa mwenye ziwa, mwenye tufani na mwenye mvua. Waganda ng'ambo ya pili walimwita Mukasa. Mvuvi hakuingia majini kama aingiavyo mtu shambani mwake. Aliingia katika milki ya mwingine.

Kwa Wasukuma maji yalikuwa habari ya mtemi. Wako wasemao kwamba neno hilo latokana na kutema, yaani kukata: ama kukata msitu wa kwanza, ama kukata mashauri. Lakini kazi yake iliyoogopwa zaidi haikuwa hukumu. Ilikuwa mvua. Kabla ya msimu wa kupanda, mbegu zilitiwa dawa kwake na kugawiwa watu. Mvua ilipochelewa, watu walikwenda kwake. Na ilipokataa kabisa, walikuwa na haki ya kumwondoa katika kiti. Hans Cory, aliyeandika kitabu juu ya kutawazwa kwa watemi mwaka 1951, alieleza kwa kirefu jinsi mwili wa mtemi ulivyofungamana na afya ya nchi. Msomaji wa leo aweza kucheka, akasema kwamba mawingu hayasikii dawa. Na acheke, lakini asipuuze maana iliyomo ndani. Jamii ambayo humwuliza mtawala wake habari ya mvua ni jamii ambayo imekwisha kuamua kwamba maji si jambo la bahati wala si mali ya mtu binafsi, bali ni jambo la utawala, na kwamba anayeshindwa kulitunza hastahili kutawala.

Chini ya mtemi walikuwako banamhala, yaani wazee, na nsumba ntale, kiongozi wa vijana, ambaye aliwaita wenzake katika kazi za ushirika. Kisima kilichochimbwa na mtu kwa jasho lake kilikuwa chake katika kunywesha ng'ombe, lakini maji ya kunywa hakunyimwa mtu, hata mpita njia. Yalikuwako pia mashamba ya nyasi yaliyoitwa ngitili. Mfugaji alilifunga eneo fulani wakati wa mvua, asiruhusu mnyama kuingia, ili wakati wa kiangazi ndama na ng'ombe dhaifu wapate malisho. Kusudi lilikuwa nyasi. Lakini nyasi na miti iliyosalia katika ngitili iliyazuia maji ya mvua yasikimbie, yakapata nafasi ya kuzama ardhini na kukilisha kijito miezi mingi baadaye. Hata majina ya watu yalishuhudia thamani hiyo: ni nani kati yetu asiyemjua Mabula mmoja au wawili? Jina hilo latokana na mbula, mvua.

Haya yote hayakuvunjika siku moja. Yalitolewa kipande kipande, na mara nyingi na watu waliodhani kwamba wanatenda mema. Serikali ya Waingereza ilipokuja iliwaacha watemi vitini, lakini iliwageuza kuwa wakusanya kodi na watoa amri. Mtemi alianza kujibu kwa Bwana Shauri, si kwa mawingu. Katika wilaya ya Shinyanga, kuanzia miaka ya 1920, misitu mikubwa ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Wafanyakazi wa fyeka hiyo waliitwa kwa ushirika ule ule uliokuwa ukilima mashamba ya jirani, na makao ya utafiti wa mbung'o yaliwekwa Shinyanga chini ya Swynnerton. Mbung'o walipungua, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikaenea. Miti nayo haikurudi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ukajenga malambo mengi, na pamoja na malambo hayo ukaleta sheria za kupunguza mifugo, kulima matuta na kuhama kwenda Geita.

Nionavyo mimi, malambo yalikuwa kazi njema. Kosa lilikuwa katika namna ya kuamuru. Mambo ambayo banamhala walikuwa wakiyaamua chini ya mti yaligeuka kuwa vifungu vya sheria vyenye faini, na mkulima aliyewahi kutunza ngitili kwa hiari sasa aliona hifadhi ya ardhi kuwa ni mkono wa mkoloni. Ndipo Geita ilipochafuka. Mwaka 1958 serikali ilipotaka kuweka baraza la wilaya la watu wa rangi zote, ambalo wananchi hawakulitaka, maelfu waliandamana mpaka Mwanza kupeleka malalamiko yao, nao wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Vitabu vya historia hulieleza tukio hilo kuwa ni sehemu ya harakati za TANU, na ni kweli. Lakini ndani ya hasira hiyo zilikuwamo pia sheria za ng'ombe na za matuta.

Baada ya Uhuru, mwaka 1963, utawala wa machifu ulifutwa kisheria. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima kwa umoja wa taifa, wala sina haja ya kuwatetea watemi ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kuwa vibaraka. Ila kazi yao moja, ile ya kujibu habari ya maji, haikukabidhiwa kwa mtu yeyote aliyeogopwa kiasi hicho. Kisha zikaja operesheni za vijiji za miaka ya 1974 na 1975. Watu walitolewa katika miji yao iliyotawanyika wakakusanywa pamoja ili wapate shule, zahanati na maji. Na ngitili zilizoachwa nyuma zikabaki bila mwenyewe, zikalimwa na kulishwa ovyo. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa.

Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo lingefaa kufundishwa katika kila shule ya sekondari. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni wataalamu walileta miche ya vitalu, kama kawaida. Baadaye waligundua kwamba wananchi walikuwa na njia yao wenyewe, nayo ilihitaji kurudishiwa heshima tu. Ngitili zilizokuwa zimebaki wakati huo zilikuwa kiasi cha hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Mwaka 2002 mradi huo ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Nguvu yake haikutoka kwa askari wa misitu. Ilitoka kwa dagashida, mkutano mkuu wa jamii, uliokuwa na uwezo wa kumtoza mchenya, yaani faini, mtu aliyechoma moto au kuingiza ng'ombe katika eneo lililofungwa. Wenye mashamba ya chini walisimulia jinsi chemchemi na visima vilivyodumu zaidi mahali miti iliporudi.

Ni vyema kuulinganisha mfano huo na ule wa kisiwa cha Rubondo, kinachofikiwa kwa mtumbwi kutoka Nkome. Huko hifadhi ilikuja kwa njia nyingine: kisiwa kilifanywa pori la akiba mwaka 1965 na hifadhi ya taifa mwaka 1977, na wavuvi waliokuwa wakikaa huko wakaondolewa. Msitu umesalia, hilo halikataliki. Lakini ulisalia kwa kuwatoa watu, na ngitili zilirudi kwa kuwaachia.

Sasa tufike kwenye dhahabu. Wajerumani waliitambua dhahabu ya Geita kabla ya karne iliyopita kuanza. Mgodi mkubwa ulichimbwa tangu miaka ya 1930 mpaka ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mpya wa mashimo ya wazi ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Hata hivyo vijito vya vijijini havikuguswa kwa karibu zaidi na migodi mikubwa, bali na wachimbaji wadogo, ambao waliongezeka sana katika miaka ya 1980 na 1990, bei ya pamba ilipokuwa haimlipi mkulima hata jasho la palizi. Si haki kuwalaumu. Wengi wao ni wakulima hao hao, na ada ya shule ya watoto imetoka katika duara.

Kuna neno moja ambalo latosha kueleza mkasa wote. Katika Nkome, mwalo ni mahali mitumbwi inapofikia na samaki wanapouzwa. Katika machimbo, mwalo ni mahali mchanga wa dhahabu unapooshwa. Jiwe husagwa katika karasha hata likawa unga. Unga humiminiwa maji juu ya ubao ulioinama na kutandikwa magunia. Chembe nzito hunaswa na nyepesi huteremka. Kilichonaswa hutiwa zebaki katika beseni na kukandwa, aghalabu kwa mikono mitupu, mpaka zebaki ishikamane na dhahabu. Kisha huchomwa motoni: zebaki ikapaa kama mvuke, dhahabu ikabaki. Mchanga uliosalia huitwa marudio, na ndani yake hubaki zebaki isiyoonekana. Kwa kuwa kazi yote yahitaji maji, mwalo hutafuta kijito, na marudio hurundikwa kando yake wakati wa kiangazi. Mvua ya kwanza, ile ile ambayo zamani ilikuwa ikiombwa kwa mtemi, ndiyo inayoyateremsha. Siku hizi marudio hayo hununuliwa na kulowekwa tena katika sayanaidi ili kutoa dhahabu iliyosalia, na sayanaidi hiyo huifanya zebaki iliyomo iyeyuke majini kwa urahisi zaidi.

Katika matope ya mabwawa, vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu ya aina nyingine, ambayo huingia mwilini mwa wadudu wa majini, kisha katika samaki wadogo, kisha katika wakubwa, ikiongezeka kila hatua, mpaka kwa mlaji. Anayedhurika kuliko wote ni mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Dunia iliyajua hayo kwa msiba wa Minamata, huko Japani, uliotambuliwa mwaka 1956.

Kijito kilichochunguzwa zaidi katika nchi yetu hii ni Isingile, karibu na machimbo ya Rwamagasa. Mnamo mwaka 2002 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda lilianza mradi wa zebaki katika nchi sita, zikiwa Brazil, Indonesia, Laos, Sudan, Zimbabwe na Tanzania, na hapa kwetu ilichaguliwa Rwamagasa. Wataalamu waliopima maji, matope na samaki mwaka 2003 waliona kwamba zebaki ilikuwa imekusanyika hasa katika mashapo ya Isingile, karibu na mialo, na kwamba ilipungua kadiri walivyokwenda mbali kuelekea mto Nikonga. Yaani wakati huo sumu ilikuwa bado haijasafiri sana. Ilikuwa imebaki nyumbani, kwa watu wanaochota hapo. Wala maji ya Isingile hayaendi Nkome: yanaelekea Moyowosi na Malagarasi, ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Wavuvi wa Nkome wasilale kwa hilo, maana machimbo yako pande zote mbili za mgawanyo wa maji.

Na hapa ndipo mila inapofika ukingoni mwake. Mila ilijua ukame, mafuriko, moto na ng'ombe waliochafua kisima. Kwa kila kosa ilikuwa na jina, shahidi na adhabu. Dhidi ya maji machafu ilikuwa na dawa rahisi: chimba mchangani kando ya kijito, ngoja, kisha onja. Dawa hiyo hutegemea jicho na ulimi, na zebaki iliyomo majini haina rangi wala ladha. Mzee aliye mwangalifu kuliko wote aweza kuyapitisha maji hayo kuwa safi. Si kwamba hekima yake imekuwa uongo; ni kwamba imepata adui ambaye haikuwahi kukutana naye.

Sheria za nchi zimejaribu kuziba pengo hilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa, na mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaotaka matumizi ya zebaki yapunguzwe. Lakini mita 60 ni kipimo cha kamba, na kamba hushikwa na ofisa ambaye huja na kuondoka. Ngitili hazikurudi kwa kamba. Zilirudi kwa sababu dagashida ilikubali kwamba kukata mti fulani ni kosa dhidi ya jirani, ikawa tayari kumtoza mchenya hata mtoto wa mkubwa.

Dagashida iliwahi kuyapokea makosa mapya katika orodha yake, na yaweza kulipokea hili pia. Ila haiwezi kuhukumu shauri ambalo ushahidi wake haiusikii. Taarifa za uchunguzi wa Isingile ziliandikwa kwa Kiingereza, zikiwa na majedwali ya vipimo ambavyo banamhala hawakufundishwa kuvisoma. Sura chache za taarifa hizo zikifasiriwa kwa Kiswahili, na majina ya vijito na ya samaki yakaandikwa kama wenyeji wanavyoyatamka, zitakuwa somo la historia na la kemia kwa wakati mmoja. Nao wazee watakuwa na kitu cha kushika mkononi watakapomwuliza mwenye karasha kwa nini mwalo wake uko hatua kumi tu kutoka majini.